Bafu Nililomjengea Baba

Kazi yangu ilikuwa kuchora nyumba za watu. Nilikaa miaka mingi katika ofisi ya ujenzi pale Moshi, kwenye kiti kirefu kisicho na egemeo, nikichora kuta, madirisha, vyoo na mabafu ya watu nisiowajua na wasionijua: walimu, makarani, wafanyakazi wa mashamba ya miwa waliotoka mikoa mingine na kupangwa kwenye nyumba za mistari. Hakuna hata mmoja aliyerudi kunilaumu. Bafu moja tu nililichora kwa ajili ya mtu niliyemjua tangu nifumbue macho, na ndilo ninaloona aibu nalo mpaka leo. Nimezeeka sasa, magoti yananiuma, na bado nikilikumbuka nikiwa peke yangu chumbani huwa nafunika uso kwa kiganja, kana kwamba kuna mtu ananitazama.

Naandika bila majina. Watakaojitambua watanisamehe, na asiyeweza tena kujisomea ndiye niliyemkosea zaidi.

Baba alikuwa mkulima wa kahawa na migomba huko Masama, na wakati huo alikuwa ameshakula chumvi nyingi. Goti lake la kulia lilikuwa limekataa kukunjika. Akitembea alilivuta kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Choo cha nyumbani kilikuwa cha shimo, chini kabisa ya kihamba, yaani shamba letu la ukoo. Ukitoka mlangoni unashuka njia nyembamba katikati ya migomba, unavuka mfereji juu ya gogo, ndipo unafika. Masika moja baba aliteleza penye gogo lile akaangukia mferejini. Hakuvunjika, lakini alikaa kwenye maji yale ya baridi mpaka mama alipomsikia akikohoa. Hakuita mtu. Alikohoa tu. Mama alinitumia habari kwa kondakta wa basi la Bomang'ombe, maneno machache: baba yako ameanguka, ni mzima, njoo.

Nilikwenda, na nilipoona michubuko kwenye kiwiko chake nikaapa kwamba baba yangu hatashuka tena njia ile. Nitajenga bafu na choo ndani ya nyumba. Nilimpenda baba, hilo nisilifiche. Lakini nisifiche na hili: nilipenda vilevile watu waseme kwamba yule kijana aliyekwenda kusoma uchoraji amewajengea wazazi wake choo cha kuvuta maji. Ilikuwa miaka ya kuhimizwa nyumba bora na vyoo bora, viongozi walipita kijijini wakikagua mashimo ya watu, na mimi nilitaka wakifika kwetu wavue kofia. Upendo na majivuno vilikaa ndani yangu kwenye kiti kimoja, na sikujua nani kati yao ameshika kalamu.

Niliichora ramani Jumamosi moja, na nilijiona nimefika. Hodhi la chuma la kuogea nililipata kwa mlowezi mmoja aliyekuwa anafunga mizigo kuondoka shambani kwake. Lilipandishwa mlimani kwa mabega ya wanaume wanane. Vigae vyeupe mpaka usawa wa kifua. Sakafu ya niru nyekundu, yaani saruji iliyosuguliwa mpaka unajiona uso. Kizingiti kirefu mlangoni, maji yasitoke. Mlango mwembamba, maana ofisini ndivyo tulivyoandika milango ya choo. Kila kipimo ambacho sikukipata ofisini nilikipima kwa mwili wangu mwenyewe, mwili wa kijana aliyekuwa bado anaruka mifereji.

Mlango wenyewe niliuweka sebuleni, mkabala na makochi. Kwa lugha ya kazi nilikuwa na sababu: bomba linakuwa fupi, ukuta unakuwa mmoja. Ukweli ni kwamba nilitaka mgeni akikaa tu auone mlango ule wa kioo cha mawimbi na ajue kuna nini nyuma yake.

Fundi wangu alikuwa mzee mmoja wa Majengo, mtu wa mjini tangu zamani, mwenye kofia iliyofifia na mguu mmoja mfupi kidogo kuliko mwenzake. Aliitandaza ramani juu ya mfuko wa saruji, akaitazama muda mrefu.

"Bwana mchoraji, hili bafu la nani?"

"La baba."

"Yule mzee niliyemwamkia pale nje? Wa goti?"

"Ndiye."

"Basi hiki kizingiti ataruka kwa mbawa?"

Nikamweleza habari ya maji kutoka nje. Akaitikia kwa kichwa, akaweka kidole kwenye sakafu. "Na niru hii ukiimwagia maji ya sabuni si sakafu tena, ni samaki. Na mlango unafungukia ndani. Mtu akianguka nyuma yake mtamtoaje? Kwa dirishani?"

"Fundi," nikasema, "ramani ni ramani."

"Haya, ramani yako," akasema, akaenda kuchanganya saruji. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwangu haikuwa hivyo. Mimi sikusikia, na waliokaribia kuvunjika walikuwa wengine. Wiki ya kwanza tu mke wangu, akiwa mjamzito wa mtoto wetu wa pili, aliteleza akitoka kwenye hodhi, akajishikilia kwenye fimbo ya taulo, ikang'oka na vigae viwili. Aliniambia kwa sauti ya chini. Nikamwambia awe anavaa ndala.

Lakini hilo dogo. Kuna jambo nililolijua na nikajifanya silijui, na hapo ndipo penye aibu yangu.

Wanaume wa rika la baba, waliotahiriwa na kufundwa kwa mtindo wa zamani, walifundishwa kwamba mwanamume kamili haonekani akienda haja. Wanawake na watoto waliambiwa kwamba mambo hayo yaliisha siku alipotoka kufundwa, kwamba mwanamume alishazibwa, hana tena shida hiyo ya watoto. Wanawake walijua si kweli. Wanaume walijua kwamba wanawake wanajua. Lakini hakuna aliyesema, na katika kutosema huko ndipo heshima ilipokaa. Sisi tuliosoma tulikuwa tunaicheka habari hiyo tukiwa bwenini. Nyumbani tulinyamaza, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na baba.

Baba yangu alikuwa na usemi wake. Akitaka kutoka alishika fimbo, akatazama nje, akasema, "Ngoja nikatazame mfereji." Maji ya mfereji yalikuwa ya zamu, leo kwetu, kesho kwa jirani. Baba alikwenda kuutazama hata siku ambazo zamu haikuwa yetu, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Bafu lilipokwisha nikawaalika wakwe zangu, wazazi wa mke wangu, waje kuiona nyumba. Mama alipika mtori, supu yetu ya ndizi, na pombe ya mbege ikatengwa. Kabla hawajakaa vizuri nilikuwa nimeshawapitisha bafuni mmoja mmoja, nikivuta mnyororo ili wasikie maji yanavyoshuka. Baba mkwe alisema, "Hongera." Mama mkwe alisema ni peupe sana. Baba alikaa kwenye kochi la pembeni, karibu na mlango wa nje.

Baada ya kata ya tatu ya mbege, baba alishika fimbo yake, akanyanyuka kwa shida, akatazama migomba. "Ngoja nikatazame mfereji," akasema.

Na mimi, kwa sauti ya mtu mwenye mbege kichwani, nikasema mbele ya watu wote, "Baba, mfereji gani tena? Choo si kiko hapa ndani! Ndicho nilichokujengea, usihangaike tena kwenda migombani." Nikaenda nikamfungulia ule mlango wa kioo, nikausukuma mpaka mwisho, vigae vikaonekana sebule nzima.

Mama mkwe aliinamisha kichwa akaanza kukunja pindo la kitenge chake. Baba mkwe aliichungulia kata yake kana kwamba kuna kitu kimeanguka ndani. Mke wangu alinyanyuka akaenda jikoni. Baba alisimama palepale, ameegemea fimbo, hakumtazama mtu yeyote.

"Sikuwa nakwenda huko," akasema, akakaa.

Alikaa mpaka jua likaanza kuinamia upande wa Meru. Hakunyanyuka tena, maana angenyanyuka akaenda wapi? Njia ya nje nilikuwa nimeshaifunga kwa maneno. Kila mtu sebuleni alijua sasa mfereji ni nini. Na ndani nilikuwa nimemfungulia mlango mbele ya mama mkwe wangu. Mimi niliendelea kuzungumza. Nakumbuka nilikuwa naeleza habari za maji taka na jinsi yanavyoteremka kwa mwinuko. Baba alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu, mikono yote miwili juu ya fimbo, na sikumtazama hata mara moja.

Mama ndiye aliyemtazama. Alipita na kibuyu kujaza kata za wageni, na alipofika kwa baba akajikwaa mahali pasipo na kitu cha kujikwaa, mbege yote ikamwagikia mapajani mwa baba na kwenye kochi. "Ole wangu, macho haya!" akasema.

"Mama!" nikamfokea. "Kochi jipya! Si uangalie unapokanyaga?"

"Nisamehe, mwanangu, ni uzee," akasema mama, mbele ya wakwe. Akamshika baba mkono, akampeleka chumbani kubadili nguo. Wageni walipoaga nilikuwa bado nafuta kochi, na niliwaomba radhi kwa ajili ya mama.

Nilirudi Masama baada ya miezi miwili hivi. Nilipofungua bafu nilikuta hodhi limejaa mikungu ya ndizi iliyofunikwa majani makavu, inaivishwa kwa ajili ya mbege. Sakafuni kulikuwa na magunia ya kahawa. Ule mnyororo wa kuvuta maji ulikuwa umening'inizwa mashuke ya mtama. Hasira zikanipanda. Nikatoka nje kumtafuta mama, na nilichokiona nje ndicho kilichonisimamisha.

Baba alikuwa anashuka ile njia ya migombani, polepole, akivuta goti. Nyuma yake, mbali kiasi cha mtu kuweza kusema hawako pamoja, mama alikuwa anakata majani ya ng'ombe kwa mundu. Baba akisogea, na mama anasogea. Baba akisimama, na mama anapata kichaka kizuri cha kukata papo hapo. Hakumtazama, alitega sikio tu. Baba alipopotea ng'ambo ya mfereji mama aliinama akakata majani mengi sana bila kuyafunga. Baba aliporudi akapita, mama akageukia upande mwingine mpaka amalize kupita.

Nilimngoja arudi na mzigo wake. "Mama, ni nini hiki? Choo mmefanya ghala, na baba anarudi kulekule kwenye gogo. Atavunjika! Nimehangaika kwa ajili ya nani?"

Mama alishusha majani. Aliongea Kichagga, kwa sauti ndogo ili baba asisikie. "Usipige kelele. Siku zote unapiga kelele." Akajifuta mikono. "Hivi wewe unadhani siku ile nilijikwaa?"

Alichomeka mundu kwenye mzigo wa majani.

"Nimeolewa kwenye mji huu tangu kahawa hizi hazijapandwa. Umewahi kuniona nikimwaga pombe?" Akatazama kule baba alikokaa. "Alikuwa ameshindwa kujizuia, mwanangu. Kochi lilikuwa limeshalowa kabla yangu. Nikasema afadhali linuke mbege."

Nakumbuka nilitazama viatu vyangu, vilikuwa viatu vizuri vya mjini, na nilitamani kuvivua. Mtu anaweza kuona aibu mpaka ngozi ikamwasha, na mimi iliniwasha. Nilimfokea. Mbele ya wakwe nilimfokea mama kwa kumsitiri mume wake niliyekuwa nimemvua nguo mimi. Kisha nikaomba radhi kwa niaba yake! Niliporudi mjini nikajaribu kumweleza mke wangu, akaniambia nisijisumbue, yeye alikwenda jikoni siku ile kwa sababu alikuwa ameona nilivyomwaibisha baba. Wote walikuwa wameona. Kipofu alikuwa mchoraji.

Kwetu mtu akikosa huenda na jani la sale, lile jani refu la kijani linalopandwa mipakani. Ukilileta, aliyekosewa hawezi kukukataa. Lakini ukilileta lazima useme umekuja kwa kosa gani, na mimi kosa langu lilikuwa hilohilo la kulisema. Ningemwendea baba na kutamka nini? Maji yalishamwagika, na kuyataja ni kuyamwaga tena.

Nikaenda Majengo kwa fundi. Nilimkuta anatengeneza jiko lake uani. Nilimweleza yote, hata la kochi, na nilitegemea anicheke. Hakucheka. Alisema, "Ile ya kwanza ulikuwa unachora. Sasa tujenge. Nenda kaniletee vipimo vya mzee, usiniletee vya ofisi."

Mimi nisingeweza kumpima baba, wala kumuuliza. Aliyepima ni mama. Jumapili iliyofuata alinipa kamba ya mgomba yenye mafundo manne, ameikunja ndani ya kanga.

"Fundo hili la kwanza ni kimo cha kigoda anachonyanyukia bila kushikwa. La pili, mkono wake unapotafuta ukuta akinyanyuka, hapa ndipo unapofika. La tatu ni upana wa sisi wawili tukipita pamoja, mimi nimemshika."

"Na hili la nne?"

"Hilo ni mkono wangu mimi. Na mimi ni mfupi, na mimi nazeeka."

Miaka yote ya kuchora sikuwahi kupewa ramani nzuri kama kamba ile.

Saruji wakati huo ilikuwa ya kibali na kungoja, kwa hiyo tulilibomoa bafu langu jeupe tupate vifaa. Sikulionea huruma. Tulijenga chumba kipya nyuma ya nyumba, kimeshikana na chumba cha baba. Kilikuwa na milango miwili: mmoja unatoka chumbani kwake, mwingine unatoka nje upande wa migomba, ili mtu akitoka sebuleni na kwenda migombani kama kawaida yake azunguke kidogo na kuingia bila kuonekana. Milango yote ilifungukia nje. Vizingiti hakuna, fundi aliilaza sakafu kwa mteremko mdogo, maji yaende yenyewe kwenye tundu. Niru hakuna, saruji ilipokuwa bado mbichi aliikwaruza kwa ufagio, ikashika mguu kama ardhi kavu.

Siku ya pili baba akatoka na fimbo yake, akaja kusimama kazini. Mimi nilikuwa nimeshika bomba la chuma, lile la kushikia ukutani. Akatazama msingi, akatazama tundu la maji, akamtazama fundi.

"Mnajenga nini?"

Nikaliinamia lile bomba. Fundi hakuacha hata kusawazisha tofali. "Shikamoo mzee. Ni stoo. Stoo ya majembe yako."

"Marahaba." Akasogea, akapima uwazi wa mlango kwa fimbo yake. "Majembe yana mipini mirefu," akasema. "Mlango uwe mpana."

"Utakuwa mpana, mzee."

"Na hilo bomba?"

Fundi akanitazama mimi. Ilikuwa zamu yangu. "Ni la kuegemeza majembe, baba," nikasema.

Baba akanyoosha mkono ukutani, taratibu, mpaka pale ulipofika bila kujivuta. Ulifika kwenye fundo la pili la mama, hapo hapo. "Lifungeni hapa," akasema. "Na lishike sana. Majembe yangu ni mazito."

"Tutalipitisha mpaka ndani ya tofali."

"Na mwanga," akasema baba. "Mtu asije akajikwaa kwenye jembe." Kisha akaondoka, akivuta goti. Nikageukia ukuta nikajifanya napima, na fundi, Mungu amlaze pema, akaanza kuimba ili nisisikike.

Tulipomaliza niliotesha masale nje ya ule mlango wa pili, mstari mzima, mpaka yakawa ukuta wa kijani. Sikusema ni ya nini. Ni ua tu, mtu angesema, kila mpaka una masale. Baba hakuyataja hata siku moja. Sijui kama aliyapokea, na hilo halijaniacha.

Alichosema ni kwamba stoo isiyo na jembe ni stoo gani. Nikanunua jembe jipya sokoni Bomang'ombe, nikalipachika mpini mwenyewe. Likawa linakaa karibu na kochi lake. Akitaka kutoka analishika badala ya fimbo, anasema, "Ngoja nirudishe jembe stoo," anatoka. Akirudi anarudi nalo, na hakuna aliyeuliza mbona halibaki huko stoo. Wakwe walipokuja tena kuwasalimia, niliweka kikombe chini nilipomwona ananyanyuka. Akasema maneno yake, akatoka mbele yao wote kichwa kikiwa juu. Baba mkwe akasema, "Mzee, kumbe bado unashika jembe!" Baba akamjibu toka mlangoni, "Siku hizi ndilo linalonishika mimi." Wakacheka wote. Mama alicheka kuliko wote.

Mama hakukata tena majani njiani. Goti lake lilipoanza na lenyewe kumsumbua, fundo la nne lilikuwa tayari linamngoja ukutani. Mke wangu alipokuja na mtoto mgongoni na ndoo mkononi alisema hapo ndipo mahali pekee anapooga bila kuhesabu hatua. Ofisini nami nikaanza kuchora milango inayofungukia nje na sakafu zisizo na kizingiti. Mkubwa wangu aliponisifu na kuniuliza nimeyatoa wapi, nikasema nimeyasoma kwenye kitabu. Mpaka leo nashindwa kueleza kwa nini nilidanganya. Kamba ya mgomba ilikuwa kwenye droo yangu, hatua mbili kutoka alipokuwa amesimama.

Baba alifariki katikati ya miaka ya themanini, kitandani kwake, akiwa msafi. Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikusanyika uani kugawa vitu vyake: blanketi, fimbo, kigoda, koti. Mgawaji alikuwa mdogo wake baba. Alipofika kwenye jembe alilinyanyua juu, akaligeuza.

"Hili halijagusa udongo," akasema. "Rangi ya dukani bado iko. Mzee alilinunua la nini?"

Wakwe walikuwepo. Vijana walikuwepo. Mama alikuwa kwenye mkeka, hakuinua kichwa, lakini niliona mkono wake umeacha kupapasa kanga. Nikasimama.

"Alilitumia kila siku," nikasema.

Baba mdogo akaliegemea jembe. Yeye naye goti lilikuwa limeanza. "Basi lichukue wewe," akasema, "maana ndiwe unayejua lilikolima." Akachukua koti, akaendelea kugawa.

Ninalo hapa. Naishi mjini kwa mwanangu sasa, nyumba nzuri, ameichora kijana aliyesoma kuliko mimi, na mlango wa choo unatazama makochi. Sijawahi kumsimulia mwanangu habari hii. Nisingeweza kuisimulia nyumbani bila kumvua baba nguo mara ya pili. Anadhani jembe ni kumbukumbu tu ya mzee, na mke wake hulifuta vumbi. Mimi si wa rika la baba, sikufundwa hivyo, na nilidhani mambo hayo hayanihusu. Mwezi uliopita tulikuwa na wageni. Nilikuwa nimekaa muda mrefu, nikashika jembe, nikanyanyuka, na mdomo wangu wenyewe ukasema, "Ngoja nirudishe jembe."

"Baba, jembe gani tena?" akasema mwanangu, kwa sauti kubwa na kwa upendo mtupu, akaruka kunifungulia mlango. "Choo si hiki hapa!"

Wageni wakatazama vikombe vyao. Nikamwambia sikuwa nakwenda huko, nikakaa.